Anayeikanda Haionji

Kijana alikuwa amekaa kwa magoti mbele ya birika la chuma, kwenye chumba cha chai hapa Japani, mikono ameilaza juu ya mapaja. Bakuli jeusi lilikuwa limeshafika kwa mgeni wa kwanza, mama mtu mzima aliyevaa kimono ya kijivu. Akalizungusha kidogo, akanywa funda moja. Funda moja tu, na kijana akauliza chai ikoje.

"Nzuri kabisa," mama akajibu, akainama.

Kijana akageuza mwili kutuelekea, chumba kikanyamaza tena.

Mimi nilikuwa mgeni wa tatu. Wa pili alikuwa hajaonja, mimi sijaonja, na wa nne alikuwa bado anamalizia kutafuna kile kitu kitamu cha maharage mekundu kinacholiwa kabla. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, chai ni nzuri, na hakuna aliyetugeukia sisi wengine.

Nani kamtuma atusemee?

Bakuli lilipofika kwangu, chai ilikuwa imepoa na kuzidi kushika. Ukiliinamisha, unasubiri. Inakuja taratibu, kijani cha kutisha, inafika ulimini na utamu wa mwani na majani mabichi, halafu uchungu unaingia kwa nyuma na kukaa. Nikapiga mafunda yangu matatu, nikafuta ukingo kwa kikaratasi chenye unyevu, nikampitishia mwenzangu. Ilikuwa nzuri? Kwa mgeni wa kwanza, labda. Yangu ilikuwa chai nyingine.

Nilitoka pale nikidhani nitalisahau swali la yule kijana kabla sijafika kituo cha treni. Wiki zikapita, nikawa naosha vyombo na kuliwaza, nikiwa kazini naliwaza. Kwa nini mtu aulize swali ambalo jibu lake limeshapangwa karne nyingi kabla hajazaliwa?

Si ile ya povu

Wengi tunaijua matcha, chai ya kijani iliyosagwa unga, kwa ile ya maziwa na barafu, ya kupigia picha. Wachache wanaijua nyepesi inayopigwa mpaka itoe povu: gramu 2 hivi za unga, maji kama mililita 70, kila mtu na bakuli lake, na maongezi yanaruhusiwa. Hiyo ni usucha.

Ninayoizungumzia ni koicha, ile nzito. Unga karibu gramu 4 kwa kila mgeni, maji mililita 40 au pungufu. Haipigwi. Inakandwa, na povu halitakiwi kabisa. Katika mwaliko kamili wa chai, unaoweza kuchukua saa 4, mengine yote yanaiandalia njia: mkaa unapangwa, chakula kinaliwa, wageni wanatoka kwenda bustanini kupumzika, wanarudi ndani, ndipo bakuli hilo moja linakandwa na kunywewa kimya na watu wote. Usucha inayofuata ni ya kuagana. Chakula kinatangulia kwa sababu koicha hainywewi tumbo likiwa tupu. Ijaribu hivyo mara moja, hutarudia.

Unga wenyewe lazima uwe wa daraja la juu, kwa maana hakuna pa kuficha ubaya. Matcha ya kawaida ikiwekwa maji kidogo kiasi hicho inageuka dawa. Ndiyo maana huwa nasikitika nikiona kopo la koicha likimwagwa kwenye maziwa yenye vanila. Pesa ni ya mtu, sawa. Lakini tangu mwaka 2024 hata hapa Kyoto kuna maduka yanayoweka kikomo cha makopo kwa kila mteja, kwa jinsi dunia inavyoigombania, na walimu wa chai wanahesabu vijiko.

Nilikuja huku kwa masomo, nikabaki kwa kazi. Darasa la chai nilipelekwa na jirani, yeye akaacha, mimi nikabaki huko pia.

Jani lisiloona jua

Mimi ni mtoto wa Rungwe, Tanzania. Nimekulia pembeni ya mashamba ya chai, majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni, foleni ya mizani. Mama bado anachuma. Nilipompigia kumweleza habari za huku, nilianzia shambani, maana huko ndiko tunakoelewana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko sasa hivi mnavuna nini?"

"Chai. Ila hawa wanaifunika kwanza."

"Wanaifunika? Na nini?"

"Nyavu nyeusi. Zamani walitumia matete na mabua ya mpunga. Wiki tatu, hata nne, jua lisiiguse."

Akakaa kimya kidogo. "Sasa chai isiyoona jua nguvu inapata wapi?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Mizizi ya mchai hutengeneza kitu kiitwacho thianini, kikapanda hadi kwenye jani, na ndicho chenye ule utamu mzito. Jua likilipiga jani, sehemu ya thianini hugeuka kuwa katekini, ambazo ndizo zenye ukakasi. Ukilifunika jani, utamu unabaki. Nalo, kwa kukitafuta kile kimwanga kidogo kilichopo, hujiongezea klorofili na kuwa la kijani zaidi. Nguvu linayo, mama, ila imezuiwa isigeuke.

Kwetu tunachuma mwaka mzima, kila baada ya wiki moja au mbili. Kule Uji, kusini mwa Kyoto (ndiyo, mji unaitwa Uji, na chai yake ni nzito, nimeshacheka vya kutosha), majani ya koicha bora huchumwa kwa mkono mara moja tu kwa mwaka, mwezi Mei. Yanapitishwa kwenye mvuke, yanakaushwa bila kuviringishwa, vikonyo na mishipa vinaondolewa. Kinachobaki hutunzwa, na kwa desturi mtungi wa chai mpya haufunguliwi mpaka Novemba. Halafu jiwe la kusagia. Jiwe moja hutoa gramu 40 hivi kwa saa, kwa hiyo koicha ya watu wanne, gramu 16, ni dakika 24 za jiwe kuzunguka kwa ajili ya bakuli moja.

Hili la jiwe mama hakuliamini. Kiwandani kwetu mashine inakata, inachana na kuviringisha, shehena inaingia na nyingine inatoka. Akauliza swali la mtu anayejua chai.

"Na makapi mnayatupa wapi?"

Hakuna makapi. Jani lote linanywewa. Hakuna chujio, hakuna kinachobaki chini ya kikombe cha kumwaga uani, na kosa lolote la shambani, la jiweni au la mkononi linaishia tumboni mwa mgeni.

Mkono na pua

Nilipoanza kufundishwa kukanda, nilitegemea kazi ya nguvu. Ni kazi ya subira.

Unga unachekechwa mapema jikoni, maana donge likishaingia kwenye koicha halitoki. Bakuli linapashwa kwa maji ya moto, linafutwa likauke. Kwa kijiko chembamba cha mwanzi unachota vijiko vitatu kwa kila mgeni. Wageni wakiwa wengi, unga uliobaki unamiminwa wote kwa kukizungusha polepole kichupa kinachoubeba, kwa kuwa kipimo kilishafanywa kule nyuma. Chaseni, kile kifaa cha mwanzi uliochanwa nyuzinyuzi, ile ya koicha ina nyuzi chache na nene. Zile nyembamba za usucha zingeshindwa.

Maji ya kwanza ni kidogo kiasi cha kukutia wasiwasi. Hapo ndipo kazi ilipo. Unga na maji havitaki kushikana, vinakimbiana pembeni mwa bakuli, na mkono wa mtu mgeni unataka kuharakisha. Usiharakishe. Unakandamiza, unavuta, unazungusha, mpaka kijani kilichopauka kinaanza kuingia kiza na uso unapata mng'ao. Ukishang'aa, unainua chaseni kwa mkono wa kushoto na kupitisha maji ya pili juu ya nyuzi zake, ili na kilichoganda pale kirudi chini. Maji ya pili ni ya kurekebisha tu. Kama maji ya kwanza yaliharibu, ya pili hayaokoi.

Na harufu. Mwalimu wetu, bibi mwenye zaidi ya miaka sabini, mgongo umenyooka kuliko wangu, anasema ongeza maji ya pili harufu ikishamfikia mgeni wa mwisho. Nilidhani ni mashairi. Siku moja nilikaa mwisho wa mstari, karibu na mlango, na kweli ilinifikia.

Nikamuuliza mwalimu, katikati ya kukanda, mwenyeji anaionja saa ngapi.

"Haonji," akasema.

Mimi nimelelewa na wanawake wanaoonja mchuzi kiganjani kabla ya chumvi, baada ya chumvi, na mara ya mwisho mlangoni sinia likiwa mkononi. Mpishi asiyeonja kwetu ni mgonjwa au kafunga. Hapa mtu anatumia unga wa bei hiyo, anaukanda mbele ya macho ya watu, na kwa kawaida haionji kabla wala hanywi baadaye. Anajua rangi, anajua mng'ao, anajua uzito kwenye kifundo cha mkono. Ladha haijui.

Ndipo nilipomkumbuka yule kijana kwa sura nyingine. Kumbe alikuwa anauliza kweli.

Kifuniko

Ila hilo lilitatua nusu tu. Muulizaji hajui, sawa. Mjibuji je? Mbona jibu ni lile lile?

Kichupa cha udongo kinachobeba unga wa koicha huvishwa mfuko wa hariri, na kina kifuniko cheupe. Vifuniko vya zamani ni vya pembe ya ndovu, na upande wa ndani vimebandikwa dhahabu nyembamba. Inasemekana dhahabu hiyo ingebadilika rangi kama unga umetiwa sumu. Kemia haikubaliani na maneno hayo, lakini mtu aliyebuni hadithi hiyo alikuwa na woga wa kweli.

(Mtu wa Tanzania hawezi kushika kifuniko hicho akawaza sumu peke yake. Mwaka 1989 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ipigwe marufuku, na Japani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Vifuniko vya darasani kwetu ni vya plastiki. Havipendezi, nami nashukuru.)

Woga wenyewe ulikuwa na msingi. Karne ya 16, wakati Sen no Rikyū, mwalimu mkuu wa chai wa zama hizo, anaunyoosha utaratibu huu kuwa tunavyouona leo, waliokuwa wakikaa pamoja kunywa walikuwa wanaume wenye majeshi, wanaouana kwa zamu. Chumba cha Taian huko Yamazaki, kinachohusishwa na Rikyū mwenyewe, kina nafasi ya tatami mbili tu, yaani mikeka miwili ya sakafuni, na mlango wa wageni wa vyumba vya namna hiyo ni kitundu cha sentimita sitini na kidogo kila upande. Unaingia kwa kutambaa, na upanga unauacha nje. Halafu mtu ambaye hajaionja chai yake anakupa bakuli.

Rikyū mwenyewe, mwaka 1591, aliamriwa ajiue na Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani ambaye Rikyū alikuwa amemkandia chai miaka na miaka.

Sasa rudi kwa mgeni wa kwanza. Yeye ndiye anayenywa wenzake wakimtazama. Hajui kilichomo, na aliyekitengeneza naye hajui kina ladha gani. Neno lake likitoka, wa pili ananyoosha mkono. Hii ni fikra yangu, sikufundishwa na mtu, lakini tangu ilipoingia sikuweza kumwona tena yule mama kama mtu aliyenisemea bila ruhusa. Alikuwa amenitangulia. Yeye ndiye anayeuliza kwa niaba yetu chai inaitwaje na imetoka nyumba gani, yeye ndiye anayeomba tukitazame kichupa, na yeye ndiye aliyekunywa kwanza. Neno analomrudishia mwenyeji linafika pia masikioni mwa tunaosubiri: nimekunywa, nipo.

Kuna kisa cha enzi hizo hizo ambacho Wajapani hupenda kukisimulia, ingawa wanahistoria wengi hawakiamini. Ōtani Yoshitsugu, jemadari mmoja, alikuwa na ugonjwa uliomharibu uso, wengi wakidhani ni ukoma. Bakuli lilipomfikia, kitu kilidondoka kutoka usoni mwake kikaingia kwenye chai. Waliofuata wakaligusisha tu mdomoni, wakajifanya wamekunywa. Rafiki yake, Ishida Mitsunari, alipolipokea, akainywa yote. Hilo lililotokea kweli ni la mwaka 1600: Ōtani alimfuata Mitsunari kwenye vita vya Sekigahara, wakashindwa, na wote wawili wakafa mwaka huo.

Iwe kweli au la, kisa hicho kisingetungwa kwa usucha. Kinahitaji bakuli moja.

Zamu yangu

Zamu yangu ya kukanda kwa ajili ya wageni kamili ilipofika, mgeni wa kwanza alikuwa yule yule mama wa kimono ya kijivu.

Nilikanda. Mng'ao ukaja. Nikapitisha maji ya pili, nikakanda tena kidogo, nikaliweka bakuli mahali pake. Akalichukua, akanywa. Nikauliza.

Alikaa kidogo kabla ya kujibu, sekunde mbili labda, akiipitisha chai mdomoni. Jibu nilikuwa nalijua herufi kwa herufi, na bado sijawahi kusubiri jibu lolote kwa hamu kiasi kile. Katika zile sekunde mbili nilielewa kwamba nilikuwa nimesikiliza mahali pabaya wiki zote zile. Nilikuwa nasikiliza maneno, ambayo hayabadiliki. Kinachobadilika ni muda kabla ya maneno, pumzi, na kama mkono unarudisha bakuli mdomoni haraka au unasita.

"Nzuri kabisa."

Baadaye, tukiwa tunasafisha, nikamwambia mwalimu kwamba lile jibu halinipi kitu cha kujirekebisha nacho.

"Lisikie," akasema, "halafu lingojee bakuli."

Wageni wakimaliza, bakuli tupu hupitishwa mkono kwa mkono litazamwe, kisha linarudi kwa mwenyeji. Na kwa kuwa koicha ni nzito, haiondoki yote. Inaacha michirizi. Michirizi laini isiyokatika, inayopungua wembamba kuelekea ukingoni, ni chai iliyoshikana vizuri. Vidoa vilivyopauka chini ni unga ambao maji ya kwanza hayakuufikia. Tope nene upande wa mgeni wa mwisho maana yake yeye ndiye aliyelipia uchoyo wako wa maji. Pale kwenye udongo mweusi pameandikwa kila kitu ambacho adabu haikuruhusu kisemwe, na anayekisoma ni mwenyeji peke yake, kabla hajamimina maji ya kusuuza.

Langu siku hiyo lilikuwa na michirizi mizuri, na upande mmoja mzito. Wa nne alikuwa kimya tangu mwanzo.

Kila mtu na lake

Mwaka 2020 mdomo wa mtu mwingine ukawa hatari, na bakuli la pamoja likawa jambo lisilowezekana. Madarasa yalipofunguliwa, koicha ilirudi kila mtu na bakuli lake. Haukuwa uzushi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ennosai, mkuu wa 13 wa Urasenke, moja ya koo kubwa za walimu wa chai, alikuwa ameshaupanga utaratibu wa namna hiyo kwa sababu za usafi. Ulikuwa umelala tu, ukisubiri maradhi mengine.

Darasani kwetu haujaondoka. Kuna siku tunashirikiana, na kuna siku, hasa msimu wa mafua au wageni wakiwa wazee sana, kila mtu anapata lake. Mwenyeji anakanda bakuli la mgeni wa kwanza mbele yetu. Mengine yanakandwa jikoni na wasaidizi na kuletwa kwenye sinia.

Kwa ladha peke yake, hii ni bora. Nasema hivyo nikijua kuna watakaonuna. Mgeni wa nne anapata chai ya moto yenye uzito ule ule wa mgeni wa kwanza, hakuna anayeachiwa tope. Mtu akinialika kesho na kuniambia nichague, na mgeni mwenzangu ana miaka themanini, nitachagua mabakuli mengi bila kufikiri.

Lakini swali bado linaulizwa lile lile, kwa mtu yule yule. Chai ikoje? Mgeni wa kwanza anajibu, na safari hii jibu lake linahusu bakuli ambalo hakuna mwingine atakayeligusa. Hajanitangulia popote. Na mwenyeji anayeuliza hakuikanda chai yangu.

Aliyeikanda yuko nyuma ya mlango wa karatasi. Nimekuwa huko mara kadhaa. Unakanda kwa haraka kuliko inavyofaa, ili yote yatoke pamoja yakiwa ya moto, unayapanga kwenye sinia, anayepeleka anachukua, mlango unafungwa. Unasikia swali kwa mbali, unasikia jibu, na jibu si lako. Sinia likirudi, nayashika mabakuli moja moja na kuyatazama kabla hayajaguswa na maji. Hili la nani? Hakuna anayekumbuka nani alipewa lipi.

Mwezi uliopita nikamwambia mwalimu kwamba kama kila mgeni ana bakuli lake, basi labda kila mgeni aulizwe.

Alicheka mpaka akaweka kitambaa chini.

"Halafu niwaletee na bili?"